Santuri Isiyo na Lebo

Niliiharibu santuri ya Siti binti Saad kwa pamba na spiriti. Naanza na hilo, ndugu msomaji, usije ukafika katikati ukadhani unasoma maneno ya mtaalamu. Mtaalamu yupo, atakuja, lakini si mimi.

Sanduku lilikuwa chini ya kitanda cha Bibi, Ngamiani, Tanga. Sanduku la bati, la kijani, lile la wanafunzi wa bweni. Ndani yake, zimeviringishwa kwenye khanga mbili zilizochakaa hadi majina yake hayasomeki, zilikuwamo santuri 14. Tano zilikuwa zile ndogo za plastiki, za mizunguko 45 kwa dakika, za Black Star na Lucky Star, taarab ya papo hapo Tanga. Tisa zilikuwa za zamani zaidi: nzito, nyeusi, ukiigonga moja kwa kucha inalia kama sahani ya udongo. Hizo ni za mizunguko 78. Zote mono. Wakati huo neno mono kwangu lilikuwa na maana moja tu: redio ambayo spika yake moja imekufa.

Babu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge. Bibi anasema mshahara ukitoka alikuwa anaingia dukani kununua unga, anatoka na santuri, halafu nyumba nzima inalala na njaa huku inacheza. Gramafoni yake ya kuzungushwa kwa mkono iliuzwa mwaka 1974, wakati wa ile shida kubwa ya chakula. Santuri hazikupata mnunuzi. Nani anunue sahani asizoweza kulia wala kuzipiga? Zikaingia sandukuni, sanduku likaingia chini ya kitanda, na hapo zikalala hadi mwaka 2022, nilipokwenda kumsalimia Bibi akaniambia nilivute.

"Shikamoo Bibi" imekwisha, chai imekwisha, akaanza kuzipapasa moja moja. Macho yake yana mtoto wa jicho, anaona mwanga na vivuli. Akafika kwenye moja, kidole gumba kikasimama ukingoni, mahali palipomeguka kama palipong'atwa.

"Hii ndiyo ya harusi yangu," akasema.

Nikaitazama. Katikati hapakuwa na karatasi. Mende walikuwa wameila lebo yote, jina la wimbo, jina la mwimbaji, kila kitu. Zilibaki tarakimu chache zilizogongwa kwenye santuri yenyewe, karibu na tundu.

"Aliimba nani, Bibi?"

"Mwanamke. Wa Unguja, ama wa Mombasa. Babu yako ndiye aliyekuwa akijua majina."

"Niimbie kidogo basi."

"Sauti yangu sasa ni ya kufukuzia kuku, mume wangu. Wewe itafutie mashine. Macho yamekwisha, masikio bado ninayo."

Harusi yake ilikuwa mwaka 1958. Bibi alikuwa na miaka 18.

Washikaji wa kijiweni Magomeni walipoisikia habari hii waliona haina ugumu wowote. "Si uitafute kwenye simu tu? Siku hizi nyimbo zote zimo." Haya, tafuta. Unaandika nini? Mwimbaji simjui, wimbo siujui, maneno yake Bibi anayaficha. Ilikuwamo mahali pamoja tu duniani nilipopajua, ndani ya ile mifuo, ule mfereji mwembamba unaozunguka kutoka ukingoni hadi katikati. Wa kuutoa ni sindano peke yake.

Sasa nije kwenye fedha, maana waandishi wenzangu mtanielewa. Nilikuwa na laki nne. Laki nne hizo nilizikusanya mwaka mzima kwa kupiga chapa barua za watu na ripoti za wanafunzi, nami nilikuwa nimekwisha kuongea na mtu wa mashine ya kuchapia, kwamba atanitolea nakala 100 za hadithi zangu fupi. Jalada lilikuwa tayari. Nilikuwa nikilitazama kila usiku kabla ya kulala, kama mtu anavyotazama picha ya mchumba.

Nikajiambia, mashine ya santuri haiwezi kula fedha yote. Nikanunua mashine ya begi. Umeziona: unafungua kama sanduku la safari, ndani kuna kisahani, kimkono cha plastiki, spika mbili ndogo mbavuni. Nzuri kwa macho. Kwenye boksi wameandika inapiga spidi zote tatu, 33, 45 na 78. Nikasoma hiyo 78 nikaona mambo yamekwisha.

Bahati yangu, sikuanza na ile ya harusi. Nilichagua nyingine, ya bendi fulani yenye magitaa, nikaiweka, nikashusha mkono. Wee! Nilisikia samaki anakaangwa. Mafuta yanaruka, sufuria inagongwa, na mbali kabisa, nyuma ya moshi, mtu anaimba. Nikadhani ni vumbi. Nikarudia. Nikarudia tena mara ya tatu, na mara hiyo ya tatu sauti ya mtu ilikuwa imesogea mbali zaidi.

Vumbi, nikasema. Dawa ya vumbi ninaijua. Enzi za kanda, kaka zetu walikuwa wakisafisha kichwa cha redio kaseti kwa pamba na spiriti, sauti inarudi kama mpya. Nikachukua santuri nyingine ili nijaribu. Ilikuwa imeandikwa jina la Siti binti Saad. Nililiona jina. Nililifurahia hata, maana nimesoma *Wasifu wa Siti binti Saad* wa Shaaban Robert, najua safari ile ya mwaka 1928 kutoka Unguja hadi Bombay kwenda kurekodiwa, mwanamke aliyezaliwa Fumba, muuza vyungu, sauti yake ikapanda meli. Nikalowesha pamba nikapangusa kwa kufuata mzunguko, taratibu, kwa heshima zote. Pamba ikawa nyeusi. Nikafurahi: uchafu huo unatoka! Nikaongeza. Pamba ikazidi kuwa nyeusi, ikaanza kunata, na pale nilipopangusa pakapoteza mng'aro, pakawa kama ubao uliofutwa vibaya.

Haukuwa uchafu. Ilikuwa santuri yenyewe.

Aliyenieleza ni seremala wa Keko, siku nilipokwenda kuchukua kirafu changu cha vitabu. Nilimsimulia kama kichekesho, kumbe yeye hakucheka. Akaingia ndani akatoka na kopo, ndani mna vipande vyembamba vya rangi ya asali, kama mabawa ya mende. "Hii ni shelaki," akasema. "Tunaitia kwenye spiriti inayeyuka, tunapaka mbao. Santuri zile nzito ni hii hii. Umeichukua santuri ya watu ukaitengeneza polishi."

Shelaki ni utomvu wa wadudu wadogo wa India, ndugu yake lakiri ile ya kugongea mihuri. Viwanda vya santuri viliuchanganya na unga wa mawe, vikaukandamiza moto moto. Ndiyo maana santuri hizo ni nzito, na ndiyo maana zikianguka zinavunjika kama chungu. Maji kidogo na kitambaa laini hazina neno nayo. Spiriti ni sumu. Sentensi moja tu hiyo, ndugu msomaji, lakini mimi niliilipia kwa sauti ya Siti.

Bibi nilipompigia simu kumwambia, alikaa kimya kidogo. Kisha akauliza, "Na ile yangu?"

"Ipo, Bibi. Sijaigusa."

"Usiiguse mpaka ujue."

Mpaka ujue! Nikajuaje sasa?

Kwanza nikapotea tena. Rafiki mmoja aliniambia: Bibi anataka kusikia kama alivyosikia zamani, basi mtafutie gramafoni ya mkono, ile yenye pembe. Nikavuka kwenda Unguja, nikaikuta Mji Mkongwe kwenye duka la vitu vya kale, pembe ya shaba inang'aa hadi unaona meno yako. Moyo ulinidunda. Niliiona picha kamili: Bibi kwenye mkeka, pembe inaimba, mimi nazungusha mkono kama Babu. Hadithi tamu kabisa, ya kuandika. Bei ilikuwa juu ya laki nne, nikaanza kuhesabu ni nani naweza kumkopa. Lakini lile neno la Bibi, mpaka ujue, lilinikaa kooni. Nikarudi Dar mikono mitupu nikaenda kumtafuta fundi.

Fundi mwenyewe ni mzee wa miaka sabini na ushei, ana kibanda upande wa Gerezani, kimejaa redio zilizofunguliwa matumbo. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua macho. Nikamwekea mezani ile mashine ya begi. Hakuiwasha. Aliinua mkono wake kwa kidole kimoja, akauacha ukaanguka kwenye kiganja chake.

"Hii ina spidi ya 78," akasema, "lakini haina sindano ya 78. Umekwisha kupigia ngapi?"

"Moja, Mzee. Mara tatu."

"Basi hiyo moja umeichimba."

Akanieleza, na mimi nawaeleza nyie. Mfuo wa santuri ya 78 ni mpana. Sindano yake yatakiwa iwe na ncha nene, kama sehemu 75 za elfu moja ya milimita, ili iegemee kuta mbili za mfuo, maana sauti imeandikwa kwenye kuta. Sindano ya santuri za plastiki, zile ndefu zilizoanza kuuzwa mwaka 1948 na ndugu zake wadogo wa 45 waliofuata mwaka uliofuatia, ncha yake ni nyembamba, ya stereo ni kama 18 tu. Ukiitia kwenye mfuo wa 78 inazama hadi chini, inaburuzika kwenye matope, inagonga ukuta huu na huu kama baiskeli iliyotumbukia kwenye mtaro. Yule samaki niliyemsikia akikaangwa ni hiyo. Na ile sauti ya mtu kusogea mbali zaidi, mara ya tatu, haikuwa ndoto.

Nikamwuliza kuhusu gramafoni ya pembe. Hapo ndipo alipoinua macho.

"Ya Unguja? Inang'aa sana?"

"Inang'aa."

"Zile zinazong'aa sana nyingi ni za juzi, zimeungwa. Lakini hata ingekuwa ya kweli. Kichwa cha gramafoni kinaikalia santuri kwa uzito wa gramu 100 na zaidi. Sindano yenyewe ni chuma, inatupwa kila upande mmoja ukiisha, unajua kwa nini? Ule unga wa mawe uliomo kwenye santuri unaisaga sindano mpaka ifanane na mfuo. Na chuma nacho kinasaga. Kila ukipiga, unakula kidogo. Babu yako alipiga mara ngapi?"

Nilifikiria nyumba nzima inayocheza na njaa. "Mara nyingi, Mzee."

"Basi imebaki nyama kidogo. Usiipeleke kwa mwenye meno."

Nikaiaga pembe ya shaba. Nakiri iliniuma, kwa sababu niliipendea hadithi yangu mwenyewe, si masikio ya Bibi.

Halafu nikauliza swali la kijinga lililonipa faida kuliko yote: mono ni nini hasa?

Fundi akaniambia, "Nikatalie kwa kichwa." Nikatikisa kichwa, kulia, kushoto. "Hiyo ndiyo mono. Sindano inakwenda upande na upande tu, katika usawa mmoja. Sasa nikubalie." Nikainamisha kichwa, juu, chini. "Stereo ilipokuja madukani, mwaka 1958, waliona mfuo ni ule ule mmoja lakini wanataka sauti mbili. Wakaiambia sindano ikatae na ikubali kwa pamoja. Kichwa cha stereo kinasikiliza vyote viwili. Sasa kwenye santuri ya mono wimbo uko wapi?"

"Kwenye kukataa."

"Na kule kwenye kukubali kuna nini?"

Nikanyamaza.

"Vumbi. Michubuko. Mtetemo wa mota. Mwanamke wako anaimba kulia na kushoto, na takataka zote zinaruka juu na chini. Mtu mwenye kichwa cha stereo amekaa anazisikiliza takataka, halafu anailaumu santuri."

Yaani mwaka 1958 huo huo! Bibi anaolewa Tanga kwa wimbo wa mono, na huko kwa wenzetu wanaanza kuuza santuri za sauti mbili. Sikumwambia Fundi. Nilikaa nalo tu.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza, kununua kichwa cha mono hasa, kisichojali juu na chini. Vipo mpaka leo: Denon wana DL-102 yao, Ortofon wana 2M Mono. Nilipoziona bei nikazifunga. Isitoshe, ncha za hivyo ni za santuri ndefu, kwa zile tisa za Bibi zisingefaa. Ortofon wana kichwa kingine kabisa kwa ajili ya 78. Na Fundi akanionya: vile vichwa vya mono vya kizamani kabisa, ukivikuta kwa muuza mitumba, usivitie kwenye santuri ya stereo, vinaweza kuikwangua, kwa kuwa havijafunzwa kupanda na kushuka.

Dawa ya pili ni ya maskini, nayo ndiyo niliyoinunua. Unachukua kichwa cha kawaida cha stereo kinachobadilishwa sindano, unakitia sindano nene ya 78, halafu unaunganisha waya wa kulia na wa kushoto ziwe kitu kimoja. Inakuwaje? Sindano ikikataa, pande zote mbili zinasema neno moja, zikijumlishwa neno linapata nguvu. Ikikubali, pande hizo zinapingana, huyu akisema ndiyo huyu anasema siyo, zikijumlishwa zinauana. Takataka zinakufa zenyewe kwenye waya! Niliposikia hilo nilicheka kwa sauti, watu wa kibanda cha pili wakachungulia.

Kichwa nilichopata ni Audio-Technica VM95, alikileta binamu yangu aliyeko Muscat alipokuja likizo. Uzuri wake ni kwamba mwili ni mmoja, sindano unachomoa na kuchomeka. Nikaagiza sindano mbili: ile wanayoiita SP, kwa zile tisa (sasa nane, Mungu anisamehe), na ile ya kawaida ya ncha ya mviringo kwa zile tano za Black Star na Lucky Star. Ya 78 inakaa kwa gramu 5 hivi. Linganisha na gramu 100 za pembe ya shaba.

Mashine ya kuzungushia Fundi alikuwa nayo, imekaa rafuni chini ya magazeti: Lenco, modeli ya L75, ya Uswisi. Haikuwa ikifanya kazi. Vile vipande viwili vya mpira vinavyoushikilia mkono vilikuwa vimeoza vikawa kama chingamu, na Fundi akasema wote wanaozimiliki mashine hizi duniani wanaujua ugonjwa huo. Alichonga vingine kwa mpira mgumu, siku mbili. Mimi nilikaa pale nikamtazama, nikasahau hata kazi zangu za kupiga chapa.

Niseme kidogo juu ya Lenco, maana ndiyo iliyokuja kunipa jambo ambalo sikulitarajia. Ekseli ya mota yake haina unene mmoja. Upande huu nyembamba, upande ule nene, kama karoti. Kigurudumu kidogo cha mpira kinasimama juu ya hiyo karoti na kuizungusha sahani kubwa kutoka chini. Ukikisogeza kigurudumu kuelekea kwenye unene, sahani inaongeza mbio; ukikirudisha, inapunguza. Kwa hiyo hakuna spidi tatu wala nne, kuna spidi zote, kuanzia karibu 16 hadi zaidi kidogo ya 78, unachagua kwa kusogeza kijiti. Watu wa mambo haya huzisema mashine za kigurudumu kwamba zinanguruma. Kweli zinanguruma. Lakini sehemu kubwa ya ngurumo hiyo ni ya juu na chini, nasi tulikwisha kuiua kwenye waya.

Fedha? Kichwa, sindano mbili, mashine, kazi ya Fundi, kipaza sauti kidogo cha kati, amplifaya ya mtumba. Laki nne ilikwisha na deni likabaki, ambalo Fundi aliniandikia kwenye daftari lake bila kunitazama usoni. Mtu wa mashine ya kuchapia nilimwambia asubiri. Bado anasubiri.

Spika nilikuwa nazo mbili. Fundi akaichomoa moja akaiweka kando.

"Mzee, moja tu?"

"Aliyeimba alikuwa mmoja, mbele ya maikrofoni moja. Unataka asimame wapi?"

Akanipa na wosia wa mwisho. Amplifaya za leo zinafuata kanuni ya RIAA ya miaka ya 1950 katikati, inayosema besi ipandishwe kiasi gani na sauti nyembamba ishushwe kiasi gani, kwa sababu wakati wa kukata santuri hufanywa kinyume chake. Santuri za kabla ya hapo zilikatwa kila kampuni na kanuni yake, na nyingi hazikuinua sauti nyembamba kiasi hicho. Ukizipiga kwa RIAA tupu mwimbaji anaimba kama amefunikwa blanketi. "Punguza besi, ongeza trebo, mpaka usikie pumzi yake. Ukisikia pumzi, acha hapo."

Nilisafiri na Lenco mapajani hadi Tanga. Ile sahani yake ya karibu kilo 4 niliitoa nikaifunga kwenye shuka miguuni, nayo njia nzima ilinigonga vifundo vya miguu kila basi likikuta tuta. Kondakta aliniuliza nimebeba nini nikasema bibi harusi. Hakuuliza tena.

Bibi alikuwa amevaa gauni la sikukuu. Sikumwambia avae. Majirani wawili walikuwa wamekaa ukumbini na mashuka ya kushonea, eti wamepita tu.

Nilianza na Black Star kwa sindano nyembamba, kupasha moto, na jirani mmoja akaacha kushona. Kisha nikabadilisha sindano. Nilikuwa nimechapisha stesheni duara la karatasi lenye mistari 77. Unaliweka juu ya sahani, chini ya taa ya tyubu, na kwa kuwa umeme wetu unapigapiga mara 50 kwa sekunde, mistari ikionekana imesimama tuli ujue spidi ni 78, pungufu ya punje tu. Nikasogeza kijiti mpaka mistari ikasimama. Mikono ilikuwa ikinitetemeka. Niliipangusa santuri kwa kitambaa chenye maji kidogo, nikaukausha, nikashusha mkono.

Samaki alikuwapo, sitadanganya. Lakini alikuwa chumba cha pili. Na huku, hatua mbili kutoka kwenye goti la Bibi, mwanamke akavuta pumzi, fidla ikamtangulia, udi ukamfuata, akaanza.

Bibi alikunja uso.

Nilihisi tumbo limenishuka. Nikafikiri nimeiharibu, au siyo yenyewe, au miaka 48 ya sandukuni imeumaliza wimbo.

"Anachelewa," Bibi akasema.

"Bibi?"

"Anaimba kama mtu anayetafuta kiatu. Hakuwa hivyo. Mkimbize."

Nikaangalia duara la mistari kando. Nilikuwa na hakika na spidi yangu, nilikuwa na karatasi. Lakini nikakisukuma kijiti, unywele mmoja kuelekea kwenye unene wa karoti. Sauti ikapanda kidogo, ikawa nyepesi.

"Bado."

Unywele mwingine.

"Hapo. Hapo hapo, usiguse!"

Kijiti kilikuwa karibu kugonga mwisho wake. Yule mwimbaji aliyekuwa mtu mzima mwenye mawazo akawa msichana. Kidole gumba cha Bibi kilikuwa kikipiga kwenye goti, na kila neno lilipokaribia kuja midomo yake ilikwisha kulifikia. Maneno yote alikuwa nayo. Alikuwa nayo siku zote.

Usiku nilimpigia Fundi kumwuliza. Akasema yawezekana studio ile ilikata santuri kwa spidi kubwa kuliko 78, mambo hayo yalitokea. Au yawezekana studio haikukosea chochote, ni gramafoni ya Babu ndiyo iliyokuwa ikikimbia, springi imekazwa sana, na Bibi wimbo wake aliujulia humo.

"Sasa ipi ni sahihi, Mzee?"

"Wewe ulinunua mashine kwa ajili ya nani? Weka alama."

Nimeweka alama, kwa kalamu ya wino mweusi, juu ya chuma cha Lenco, kando kidogo ya 78.

Lakini hiyo ilikuwa usiku. Mchana ule, upande ulipokwisha, mkono ulipokuwa ukizungukazunguka katikati pale mende walipokula lebo, mimi niliuinua nikaanza kuivua santuri niirudishe kwenye khanga. Nilikuwa nikipiga hesabu za Fundi, kila ukipiga unakula kidogo, kwamba tukiipiga mara moja kwa mwaka, siku ya sikukuu tu, itatuzika sote. Bibi akasikia khanga inakunjuliwa.

"Unaipeleka wapi?"

"Naihifadhi, Bibi. Isije ikaisha."

"Ina upande wa pili," akasema. "Geuza, mume wangu, acha kunitumbulia macho."